Maneno Magumu na Maelezo Yake: Safari ya Kamusi ya Mwanafunzi wa Kiingereza

Waalimu wenzangu watalitambua zoezi hili mara moja, kwani wengi wetu tumelifanya tulipokuwa wanafunzi na wengi bado tunalitoa. Mwalimu huandika ubaoni maneno kumi ya Kiingereza yaliyo magumu. Mwanafunzi huyanakili, huyatafutia maana katika kamusi, kisha hutakiwa atunge sentensi moja kwa kila neno. Neno, maana, sentensi: hatua hizi tatu zimezoeleka mno hata twadhani zimekuwako tangu shule ilipoanza. Sivyo. Kitabu cha kwanza kilichoweka neno la Kiingereza na maana yake ya Kiingereza katika mpango wa alfabeti kilitoka mwaka 1604. Sentensi iliyotungwa mahsusi ili kumwonyesha mgeni jinsi neno linavyotumika ilichelewa zaidi ya miaka mia tatu kupata mahali pake, na waliompatia mahali hapo hawakuwa mabingwa waliokaa London au Oxford. Walikuwa waalimu waliofundisha ugenini, mmoja Bengal, wengine Japani.

Nakusudia kuieleza safari hiyo katika jarida la waalimu wa Kiswahili kwa sababu nyepesi kuifahamu. Hapa Uganda wengi wetu tulisomea Kiswahili pamoja na Kiingereza, na wanafunzi wetu hukijia Kiswahili kama Wajapani walivyokijia Kiingereza: ni lugha ya darasani kwanza, ya nyumbani baadaye au hata kamwe. Mambo yaliyowasumbua waalimu wale ndiyo yanayotusumbua sisi.

Robert Cawdrey alikuwa mwalimu wa shule, na kabla ya hapo kasisi aliyevuliwa kazi yake kwa kutokubali kufuata baadhi ya kanuni za kanisa la Uingereza. Akisaidiwa na mwanawe Thomas, ambaye naye alikuwa mwalimu, alitoa kitabu kidogo kilichoitwa A Table Alphabeticall. Kilikuwa na maneno yapata 2,500. Hakikuwa na neno la mbwa, la mkate wala la mvua, maana nani angemwuliza mwalimu maana ya mvua? Kilikusanya maneno magumu tu, yale yaliyoingia katika Kiingereza kutoka Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kifaransa, na ambayo watu waliyasikia katika mahubiri wasiyafahamu. Cawdrey mwenyewe alieleza kwamba aliwakusudia hasa wanawake na watu wengine wasiobahatika kupata elimu ya shule za Kilatini. Nakala moja tu ya chapa ile ya kwanza ndiyo ijulikanayo kuwa imesalia, nayo huhifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Maelezo yake yalikuwa mafupi sana, aghalabu neno moja au mawili yenye maana ya karibu. Ni kama mtu aeleze ghadhabu kwa kusema hasira, akaishia hapo. Kwa msikilizaji wa mahubiri hilo latosha. Akisikia neno ghadhabu atajua kwamba ni hasira, na mahubiri yataendelea. Lakini mtu huyohuyo akitaka kulitumia neno hilo yeye mwenyewe, hajaambiwa lolote. Hajui kwamba hasira hupanda na kushuka, kwamba twasema mtoto ana hasira za karibu, na kwamba ghadhabu ni neno zito lisilomfaa mtoto aliyenyimwa andazi. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo ya msikilizaji na msemaji, ya asomaye na aandikaye, kwani ndiyo uti wa habari yote inayofuata.

Mwaka 1623 Henry Cockeram alitoa kamusi iliyokuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza kujiita kwa jina hilo la kamusi. Sehemu yake moja ilifanya kinyume cha Cawdrey: ilichukua maneno ya kawaida na kumpa msomaji maneno ya fahari ya kuweka badala yake, ili mtu apambe usemi wake. Wanafunzi wa Cockeram hawajaisha duniani. Ninawasahihisha kila mwisho wa muhula.

Kwa muda wa miaka mia moja hivi kamusi za Kiingereza ziliendelea kuwa vitabu vya maneno magumu. Ni mwaka 1702 ndipo ilipotokea kamusi iliyokubali maneno ya kila siku kwa wingi, na tangu hapo watunga kamusi wakakutana na tatizo ambalo Cawdrey alilikwepa. Neno gumu huelezwa kwa neno jepesi. Je, neno jepesi lielezwe kwa nini?

Samuel Johnson, mwana wa muuza vitabu wa Lichfield, alikuwa amejaribu kufungua shule na shule ikamfia kwa kukosa wanafunzi. Mwaka 1746 alifanya mapatano na wauza vitabu wa London kuandika kamusi, na mwaka 1755 ikatoka katika mabuku mawili makubwa, yenye maneno zaidi ya 40,000 na madondoo zaidi ya 110,000 yaliyotolewa katika maandishi ya Shakespeare, Milton, Dryden, Biblia na wengineo. Alikuwa na wasaidizi sita tu. Kwa kazi hiyo hapana budi tumvulie kofia. Lakini wengi humkumbuka Johnson kwa mzaha wake juu ya Waskoti na shayiri ya farasi; mimi humkumbuka kwa wavu. Alipofika kwenye neno lenye maana ya kitu kilichosukwa kama wavu, alilieleza kwa maneno matatu ya asili ya Kilatini ambayo hata Mwingereza aliyesoma alihitaji kuyatafuta maana kwanza. Kila mvuvi alijua wavu ni nini. Baada ya kusoma maelezo ya Johnson angeanza kutia shaka. Johnson hakuwa mjinga wa jambo hilo. Katika utangulizi wa kamusi yake alikiri kwamba maneno mepesi kabisa hayaelezeki, kwa kuwa hapana yaliyo mepesi kuyazidi. Aliuona ukuta, akaupita kwa mlango wa wasomi.

Na yale madondoo? Yalikuwa hazina, na bado ni hazina. Lakini yalikuwa ushahidi, si mafunzo. Yalithibitisha kwamba mwandishi mwenye heshima alipata kulitumia neno hilo kwa maana hiyo. Ndivyo yalivyokuwa pia, kwa kipimo kikubwa zaidi, katika kamusi kuu ya Oxford iliyopendekezwa mwaka 1857. James Murray, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, aliichukua kazi hiyo mwaka 1879. Sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Watu wa kujitolea walimletea vipande vya karatasi vyenye sentensi walizokuta vitabuni, kwa mamilioni. Ni kazi ya kustaajabisha. Hata hivyo, mpe mwanafunzi wa kidato cha pili mabuku yale aandikie insha, naye atazama.

Kufikia wakati huo Kiingereza kilikuwa kimekwisha pelekwa mbali kwa majeshi, kwa biashara na kwa ofisi za serikali. Shule za Asia na Afrika zilijaa watoto waliotakiwa kujifunza kwa lugha ambayo hawakuisikia nyumbani. Kamusi walizopewa zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuijua. Hapo ndipo habari yetu inapohama kutoka London na kwenda Dhaka.

Michael West alizaliwa mwaka 1888, akaingia katika Idara ya Elimu ya India, akafanya kazi Bengal, ambako aliongoza chuo cha waalimu cha Dhaka. Mwaka 1926 ilitoka taarifa yake ndefu juu ya watoto wanaosoma kwa lugha mbili. Ndani yake mna fikira moja ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya waalimu. Aliona kwamba watoto wengi wa Bengal waliacha shule njiani, baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Basi akauliza: mtoto huyo anapoondoka ameondoka na nini? Masomo ya lugha yalikuwa yamepangwa kana kwamba kila mtoto angefika mwisho. Mwenye kufika mwisho angevuna. Mwenye kuishia katikati aliondoka na vipande vya sarufi na orodha za maneno zisizomwezesha kusoma hata ukurasa mmoja wa gazeti. West alitaka kila mwaka wa masomo uwe na faida yake yenyewe, ambayo mtoto angeweza kuibeba hata akiondoka kesho.

Kwa ajili hiyo alishikilia kusoma. Alitunga vitabu ambamo maneno mapya yaliingizwa moja moja, yakarudiwa mara kadhaa kabla ya mengine kuja, na maneno adimu yakaondolewa. Kisha akaja kwenye kamusi. Hesabu yake ilikuwa ya mtu wa darasani: ikiwa mwanafunzi anajua maneno elfu moja na mia kadhaa, kamusi yake na iandikwe kwa maneno hayohayo. Mwaka 1935, akishirikiana na James Endicott, alitoa The New Method English Dictionary, iliyoeleza maneno na mafungu ya maneno yapata 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Ukuta ule alioukuta Johnson haukubomolewa, maana haya 1,490 yenyewe ilibidi yajulikane kwanza. Lakini sasa ulikuwa umewekewa mlango wenye upana unaojulikana. Mwalimu aliweza kusema: jifunze haya, na mengine yote yatafunguka.

Katika mwaka huohuo wa 1935 mambo mengine mawili yalitokea mbali na Bengal. Marekani, Edward Thorndike, bingwa wa elimunafsi aliyekuwa amekwisha kuhesabu ni mara ngapi kila neno latokea katika mamilioni ya maneno yaliyochapwa, alitoa kamusi ya watoto wa shule yenye maelezo mepesi na sentensi za mifano. Na London ilichapwa kamusi ya Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 na ambayo Uganda ilikuwa mshiriki wake. Hiyo ilikuwa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Nitairudia mbele, hapa nataka tu msomaji auone mwaka.

West hakufanya kazi peke yake katika suala la kuchagua maneno. Mwaka 1934 alikutana New York na wenzake, akiwamo Harold Palmer, katika mkutano uliogharimiwa na shirika la Carnegie, wapatane juu ya maneno gani ya Kiingereza yafundishwe kwanza. Matunda ya mapatano hayo yalikamilika baada ya vita, mwaka 1953, ilipotoka orodha ya West ya maneno kama 2,000, ambayo ilionyesha si neno tu bali kila maana ya neno hutumika kwa kiasi gani. Waalimu waliosoma diploma huenda wanaikumbuka orodha hiyo kwa jina lake. Wachache wamepata kuishika mkononi.

Huyu Palmer ndiye anayetupeleka Tokyo. Alikwenda Japani mwaka 1922 kuishauri wizara ya elimu juu ya ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1923 akaanzisha taasisi ya utafiti wa jambo hilo. Alikuta wanafunzi waliosoma kwa bidii isiyo na mfano. Walijua maneno mengi ajabu, wakaweza kufasiri kurasa ngumu za vitabu vya Kiingereza neno kwa neno. Walipotakiwa kuandika barua fupi wao wenyewe, kalamu iligoma. Hili si jambo la Wajapani peke yao. Ndilo tokeo la kila ufundishaji unaomzoesha mtu kupokea lugha bila kuitoa.

Mwaka 1924 alikwenda Japani mwalimu mwingine, Albert Sydney Hornby, mzaliwa wa Chester, kufundisha Kiingereza katika chuo cha Oita kisiwani Kyushu. Baadaye alijiunga na kazi ya Palmer, na Palmer aliporudi kwao mwaka 1936, Hornby ndiye aliyeiendeleza. Pamoja na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, aliandika kamusi ambayo haikumwuliza mwanafunzi tu kama anaelewa neno, bali ilimwonyesha afanye nalo nini.

Mfano mmoja utaonyesha nguvu ya jambo hili kuliko maelezo marefu. Mwanafunzi atafute vitenzi 'advise' na 'suggest'. Kamusi nyingi humwambia kwamba vyote viwili ni kutoa shauri, na hilo ni kweli. Kisha ataandika kwa 'advise' kwamba mwalimu alimshauri aende, na sentensi itakuwa sahihi. Atachukua muundo uleule autie katika 'suggest', na mwalimu ataukata kwa wino mwekundu. Mwanafunzi ana haki ya kushangaa: maana si ni ileile? Kosa haliko katika maana. Liko katika jinsi kitenzi kinavyokubali kufuatwa na maneno mengine, na hilo halimo ndani ya maelezo ya maana hata yakiwa mazuri namna gani. Hornby alivigawa vitenzi vya Kiingereza katika miundo 25, akatia namba ya muundo mbele ya kila kitenzi, akatoa na sentensi za kuonyesha. Katika nomino alitia alama kuonyesha ipi huhesabika na ipi haihesabiki, ili mwanafunzi asiandike 'informations' na 'furnitures'. Nani kati yetu hajapata kuyasahihisha hayo mawili? Kwetu habari ni nyingi na viti ni vingi. Kwa nini kwao visiwe vingi?

Kazi yenyewe ilikwisha wakati mbaya. Desemba 1941 Japani iliingia vitani na Uingereza, na Hornby akawekwa kizuizini. Mwaka 1942 alirudishwa kwao, na katika mwaka huohuo kampuni ya Kaitakusha ya Tokyo iliitoa kamusi yake, Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Fikirini jambo hilo: nchi iliyo vitani na Waingereza inachapa kwa uangalifu kitabu kinachoeleza jinsi ya kutumia vitenzi vya Kiingereza. Vita vilipokwisha, Oxford waliichapa upya mwaka 1948, na baada ya miaka michache ikapewa jina la kamusi ya mwanafunzi wa juu, jina ambalo limedumu hadi leo. Chapa ya pili ilitoka mwaka 1963 na ya tatu mwaka 1974. Hornby alifariki mwaka 1978. Kwa vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki neno kamusi bila nyongeza lilimaanisha kitabu hicho, na sidhani wengi walijua kwamba kilizaliwa Japani.

Sasa yafaa tuwaweke West na Hornby pamoja. West alimfikiria mtoto anayesoma; hivyo alishughulika na maelezo ya maana, akayafanya mepesi kadiri iwezekanavyo. Hornby alimfikiria kijana anayeandika. Hivyo alishughulika na mfano. Maelezo ni ya asomaye na mfano ni wa aandikaye. Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi mkubwa katika historia yote ya kamusi za kufundishia, na umefanywa na watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Kwamba nusu ya kwanza peke yake haitoshi kulithibitishwa kwa njia ya kuchekesha huko Marekani. Mwaka 1987 wataalamu wawili, George Miller na Patricia Gildea, walieleza yaliyotokea watoto wa shule walipopewa kamusi na kutakiwa watunge sentensi kwa maneno wasiyoyajua. Ndilo zoezi letu lile la ubaoni. Mtoto mmoja alilitafuta neno 'erode', ambalo hutumika kwa mfano maji yanapokula udongo wa mlimani. Kamusi ilitumia kitenzi cha kula pamoja na neno la nje, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yakiwa pamoja huweza pia kuwa na maana ya kula hotelini. Mtoto akaandika kwamba familia yake hufanya hivyo mara nyingi. Mwingine alikuta 'stimulate', yaani kuchochea, imeelezwa kwa kitenzi ambacho ni kukoroga vilevile, akaandika habari ya bibi mmoja aliyeitenda hivyo supu yake. Watoto hawa walikuwa Wamarekani, Kiingereza ni lugha ya mama zao. Hawakukosa akili. Walichukua kipande cha maelezo walichokifahamu, wakatunga sentensi nzuri kwa kipande hicho, kisha wakaliweka neno jipya mahali pake, kama walivyofundishwa. Ikiwa wenye lugha yao hupotea hivyo, sisi tunaowapa watoto wa Mbale au Kabale zoezi lilelile tutarajie nini?

Nusu mbili zile ziliunganishwa mwaka 1978, kampuni ya Longman ilipotoa kamusi ambamo maelezo yote yaliandikwa kwa maneno kama 2,000, yaliyotokana na orodha ya West, na ambamo miundo na mifano iliwekwa kwa wingi kama kwa Hornby. Kompyuta ilisaidia kuhakikisha kwamba mwandishi hajateleza akatumia neno lililo nje ya orodha. Kisha mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Birmingham na kampuni ya Collins walitoa kamusi iliyosimamiwa na John Sinclair. Sinclair alikuwa na mawili ya kusema. La kwanza, mifano isitungwe na mtunga kamusi kichwani mwake. Itolewe katika maandishi na mazungumzo halisi, ambayo yeye na wenzake walikuwa wameyakusanya katika kompyuta kiasi cha maneno milioni 20 hivi. La pili, maelezo yawe sentensi kamili, kama mwalimu anavyosema darasani: ukifanya hivi kitu fulani, basi umekifanyia vile. Kwa njia hiyo maelezo yenyewe yanakuwa mfano.

Katika lundo lile la maneno Sinclair aliona mambo ambayo hata wenye lugha hawakuwa wameyatambua. Kitenzi 'set in' kamusi zote zilikieleza kwa kuanza na kuendelea. Kompyuta ilionyesha kwamba vinavyoanza kwa kitenzi hicho aghalabu ni vibaya: uozo, kukata tamaa, maambukizo. Nilipolisoma jambo hilo nilikitazama upya kitenzi chetu cha kusababisha. Kamusi itasema ni kuwa sababu ya jambo. Lakini sikilizeni redio: kinachosababishwa ni ajali, vifo, hasara, msongamano. Mvua huleta mavuno mazuri, nayo husababisha mafuriko. Mwanafunzi akiandika kwamba bidii yake ilisababisha ushindi, sarufi yake haina doa, na bado sikio lakataa.

Juu ya shauri lile la mifano halisi sikubaliani na Sinclair moja kwa moja. Sentensi iliyookotwa gazetini mara nyingi huja na maneno mengine mawili magumu na habari ya mtu tusiyemjua. Hornby alitunga zake, nazo zilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Lakini wanaotunga yafaa waisikilize lugha kwanza ndipo watunge. Ubishi huo uliendelea sana, na mwaka 1995 kamusi nne kubwa za wanafunzi wa Kiingereza zilitoka kwa pamoja, kila moja ikijivunia hazina yake ya kompyuta. Siku hizi mwanafunzi huzipata katika simu. Sehemu ya chini ya kioo, palipo na mifano, haifikii. Husoma mstari wa juu akafunga.

Na Kiswahili? Nilisema nitairudia kamusi ya Johnson ya mwaka 1935. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kueleza Kiswahili kwa Kiswahili wakati ambapo karibu kazi zote, tangu kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na zile za Madan, zilieleza Kiswahili kwa Kiingereza ili kumsaidia mgeni wa Ulaya. Johnson alifariki mwaka 1937, na kamusi mbili zilizotokana na kazi yake, za Kiswahili na Kiingereza, zilizotoka mwaka 1939, ndizo zilizopata umaarufu. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1981 ndipo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo imepata kuchapwa upya kwa masahihisho mwaka 2004 na mwaka 2013. Sisi sote twaitegemea. Lakini ilikusudiwa kwanza watu wanaoishi ndani ya lugha, ambao wakiambiwa kwamba kitu ni aina ya samaki huweza kwenda pwani wakamwulizia. Ni kamusi ya Johnson wa London na ya Murray zaidi kuliko ya Hornby, na hilo si aibu kwake. Kila lugha huhitaji kamusi ya namna hiyo kwanza. Isipokuwa mwanafunzi wetu wa Uganda, wa Rwanda au wa Burundi amesimama pale aliposimama kijana wa Tokyo mwaka 1930.

Nimejaribu mara kadhaa kuandika maelezo ya maneno machache kwa kufuata njia ya waalimu hawa. Chukueni ahirisha. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba ahirisha ni chelewesha, atatuandikia kwamba mvua ilimwahirisha asifike shuleni mapema. Badala yake niliandika hivi: Ukiahirisha jambo lililopangiwa siku au saa, unaamua lifanyike baadaye. Mkutano wa wazazi umeahirishwa hadi Ijumaa. Hakimu aliahirisha kesi kwa kuwa shahidi hakufika. Kinachoahirishwa ni jambo, si mtu; mtu huchelewa au hucheleweshwa.

Nilipolisomea darasa la kidato cha tatu maelezo hayo, msichana mmoja aliuliza kama mtu aweza kuahirisha safari, na mwenzake wa nyuma akauliza kama aweza kuahirisha deni. Safari niliiongezea sentensi palepale. Juu ya deni tulibishana hadi kengele ilipolia: mmoja alisema deni haliahirishwi, kinachoahirishwa ni kulilipa, na sentensi hiyo ndiyo niliyoiandika ya mwisho.